Umeiva au unajiona umeiva? Mwongozo kamili wa kujipima kabla ya mtihani

Kila matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, ujumbe ninaoupata unafanana: "Mwalimu, nilijiona nimeiva, mbona nimepata D?" Wapo pia wa upande wa pili, ambao huandika mapema, kabla hata ya kujisajili: "Mimi kilaza, nijaribu au niache tu?" Kisha baadhi ya hao waliojiita vilaza wanafaulu, na waliokuwa wakiitwa vipanga wanakwenda kurisiti.

Wote wamekwama mahali pamoja. Kusoma wanasoma, msuli wanapiga, wanakesha. Wasichoweza ni kusema wako wapi kabla matokeo hayajawaambia.

Mwongozo huu ni wa kazi hiyo moja. Ukiufuata kwa wiki 6 hivi, utaweza kukisia alama zako ukakosea kwa alama chache tu, na utajua unasimama wapi kati ya watahiniwa wenzako. Mifano yangu ni ya Hisabati na Baiolojia kwa sababu ndiyo masomo ninayofundisha jioni, lakini anayejiandaa na mitihani ya uhasibu au mitihani ya chuo anaweza kupita hatua hizi hizi.

## Vitu vya kuandaa

- Daftari moja jipya. Litakuwa la makisio peke yake, usiandikie humo notsi.
- Kalamu ya wino. Penseli hapana, sababu utaiona Hatua ya 4.
- Pepa 5 au 6 za miaka iliyopita za somo moja, pamoja na majibu yake. Majibu yafungie bahasha umpe mtu akutunzie.
- Saa. Ya simu inatosha, ila simu yenyewe iwe haina bando wakati wa pepa.
- Wenzako wawili au watatu wanaosoma somo hilo hilo, na wasiwe wote wa kiwango chako.
- Mtu wa kukusahihishia. Si lazima awe mwalimu, mwanafunzi wa kidato cha sita anatosha.
- Taarifa ya uchambuzi wa majibu ya watahiniwa ya somo lako. Baraza la Mitihani (NECTA) huzitoa na zinapatikana bure kwenye tovuti yao. Watu wengi hawajui hata kama zipo.

## Hatua ya 1: Weka kando neno "akili", chagua mada moja

Usianze na swali "nina akili kiasi gani kuliko wengine?" Kila mtu hulijibu kwa kipimo kinachompendeza. Anayekariri haraka atasema akili ni kumbukumbu, mwenye maneno atasema ni kujieleza, na wote watatoka wakiwa wa kwanza.

Hili limeshapimwa. Mwaka 1981 Ola Svenson aliwauliza madereva wajilinganishe kwa ustadi na wenzao waliokuwa wakijibu swali hilo hilo. Marekani, 93 kati ya kila 100 walijiweka kwenye nusu ya juu, Sweden, 69. Nusu ya juu haina nafasi ya watu zaidi ya 50. Upande wa akili yenyewe, utafiti wa Patrick Heck, Daniel Simons na Christopher Chabris uliotoka mwaka 2018 ulikuta Wamarekani 65 katika 100 wakikubali kwamba wana akili kuliko mtu wa kawaida.

Dawa ni kupunguza ukubwa wa swali. Ethan Zell na Zlatan Krizan mwaka 2014 walijumlisha chambuzi nyingi zilizolinganisha jinsi watu wanavyojikadiria na wanavyofanya kweli. Kwenye kipimo ambacho 1 ni kulingana kabisa, wastani ulikuwa 0.29, yaani kidogo sana. Ila swali lilipokuwa juu ya ujuzi mahususi, makadirio yalisogea karibu na ukweli.

Kwa hiyo ukurasa wa kwanza wa daftari usiandike "Hisabati". Andika "milinganyo ya kipeo cha pili", au "logarithimu", au "takwimu: wastani, modi na mediani". Umeandika vizuri kama mtu asiyekufahamu akisoma mstari huo anaweza kukutungia maswali 5 papo hapo.

Onyo. Achana na vipimo vya IQ vya mtandaoni. Kipimo halisi kimepangwa ili wastani uwe 100 na watu kama 68 kati ya 100 waangukie kati ya 85 na 115. Namba hiyo ina maana tu kama umelinganishwa na watu wa rika lako, waliopimwa kwa utaratibu mmoja, chini ya usimamizi wa aliyesomea kazi hiyo. Maswali 20 unayojibu ukiwa kwenye daladala, halafu unaambiwa ulipie ndipo uone matokeo, hayajakulinganisha na mtu yeyote.

## Hatua ya 2: Jipe alama, funga daftari, eleza kwa sauti

Jipe alama kati ya 10 kwa mada uliyochagua. Iandike. Kisha funga kila kitu na uieleze kwa sauti, mwanzo mpaka mwisho, mbele ya mwenzako au kwenye kinasa sauti cha simu. Ukimaliza, jipe alama tena.

Leonid Rozenblit na Frank Keil wa Chuo Kikuu cha Yale walifanya jambo la aina hii mwaka 2002. Waliwauliza watu wanaelewa kiasi gani zipu, kitasa au choo cha kuvuta maji kinavyofanya kazi. Watu wakajipa alama nzuri. Wakaambiwa waeleze hatua kwa hatua, na baada ya hapo wenyewe wakajishusha. Hakuna aliyewasahihisha, walisikia mapengo kwenye maneno yao.

Nakuonyesha inavyokuwa darasani. Kijana anakuja, anasema:

"Mwalimu, usanisinuru huu nimeumaliza. Nane kwa kumi."

"Haya, funga daftari unieleze."

"Mmea unatengeneza chakula chake kwa kutumia mwanga wa jua."

"Vizuri. Sasa ule mwembe pale nje ulianza na kokwa la gramu chache. Hizo mbao zote zimetoka wapi?"

"Kwenye udongo."

Hapo ndipo penyewe. Udongo unatoa madini, tena kidogo. Sehemu kubwa ya mbao kavu imetoka kwenye hewa ya ukaa ambayo majani huvuta, ikaunganishwa na maji. Kijana alikuwa na sentensi, na sentensi ilikuwa sahihi, lakini nyuma yake hapakuwa na kitu cha kujibia swali la pili. Alijishusha mwenyewe mpaka nne. Wiki hiyo alisoma usanisinuru kwa namna nyingine kabisa, na sikuhitaji kumwambia lolote zaidi.

Alama yako ikishuka kwenye hatua hii, uko kwenye njia sahihi. Ikipanda, mara nyingi ulikuwa unajishusha bure, na hilo nalo liandike. Ikibaki pale pale kwenye kila mada, mwambie mwenzako akuulize "kwa nini?" mara tatu mfululizo.

## Hatua ya 3: Subiri mpaka kesho ndipo ukisie

Usijipime ukiwa umetoka kusoma sasa hivi. Mambo bado yako mdomoni, na ukiyaona kwenye notsi unayatambua, unadhani kutambua ndiko kujua.

Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi makala wasome. Wengine waliisoma tena, wengine waliifunga wakaandika wanachokumbuka. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma waliongoza, asilimia 81 kwa 75. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojijaribu walikumbuka asilimia 56, waliorudia kusoma 42. Katika jaribio lao la pili, waliorudia kusoma mara nyingi ndio waliokuwa na matumaini makubwa ya kukumbuka.

Basi lala kwanza. Kesho yake, kabla ya kufungua notsi, ndipo uandike kisio.

## Hatua ya 4: Andika makisio kwa wino, kabla na baada ya pepa

Chora safu hizi kwenye daftari, ukurasa mmoja kwa kila pepa:

1. Kisio la kabla: nitapata ngapi kati ya 100?
2. Kisio la baada: nimemaliza, haijasahihishwa, nadhani nimepata ngapi?
3. Nafasi: tungekuwa watahiniwa 100, ningewazidi wangapi?
4. Alama halisi.
5. Pengo: kisio la baada toa alama halisi.

Zaidi ya hapo, pembeni ya kila kipengele cha swali weka herufi unapomaliza kukijibu. H ni hakika, N ni nadhani, B nabahatisha. Inachukua sekunde moja. Usiiruke, ndiyo yenye faida kubwa kuliko yote na utaitumia Hatua ya 7.

Kwa nini wino? Kwa sababu kumbukumbu inahama baada ya majibu. Baruch Fischhoff na Ruth Beyth waliwaomba watu wakisie yatakayotokea Rais Nixon atakapokwenda China na Moscow mwaka 1972. Baadaye waliwauliza wakumbuke walikisia nini. Watu walikumbuka kuwa walikuwa na uhakika zaidi juu ya yaliyotokea kuliko walivyokuwa wameandika. Nawe ukiona 41 utasema "nilijua tu ile pepa imeniponyoka", ilhali jana ulikuwa unasema C. Penseli inafutika na moyo unaifuta haraka zaidi.

## Hatua ya 5: Fanya pepa yote, asahihishe mwingine

Pepa ya Hisabati ni saa 3, basi kaa saa 3. Usigawe mara mbili, usinyanyuke kuangalia fomula. Ukimaliza, jaza kisio la baada na nafasi, halafu mpe msahihishaji karatasi pamoja na ile bahasha ya majibu.

Wengi huniuliza kwa nini wasijisahihishe wenyewe, majibu si yapo? Jibu linahitaji maelezo kidogo, na ndiyo sehemu muhimu ya mwongozo wote.

Mwaka 1999 Justin Kruger na David Dunning wa Chuo Kikuu cha Cornell waliwapima wanafunzi kwa mantiki na sarufi, na hata kwa kutambua vichekesho vizuri, kisha wakawauliza wanadhani wako wapi kati ya wenzao. Robo ya chini, kwa wastani, ingewazidi watu 12 tu kati ya 100. Wao walidhani wamewazidi 62. Maelezo ya watafiti hao ni haya: ujuzi wa kupata jibu sahihi ndio huo huo unaotumika kutambua kwamba jibu ni sahihi. Asiyejua kanuni ya sarufi hawezi kuona kosa lake la sarufi, maana jicho la kulionea ndilo analokosa. Ukijisahihisha mwenyewe, hasa kwenye maswali ya kueleza, utaisoma sentensi yako na kuipa alama ya kile ulichokusudia badala ya ulichoandika.

Lakini nakuomba usiupeleke utafiti huo mahali ambapo watu wengi mitandaoni wameupeleka, kwamba wajinga hujiona werevu kuliko werevu wenyewe. Haukusema hivyo. Waliokuwa chini walijikadiria juu mno, kweli, ila bado walijiweka chini ya walikojiweka wa juu. Wapo pia wataalamu, kama Joachim Krueger na Ross Mueller mwaka 2002, walioonyesha kwamba sehemu ya pengo hilo hutokana na hesabu tu: aliye chini kabisa akikosea kujikadiria, nafasi kubwa ni kukosea kwenda juu, na aliye juu kabisa kukosea kwenda chini. Kwa hiyo usiutumie kumcheka mtu. Utumie kutafuta msahihishaji.

Tena kuna habari njema ndani yake. Watafiti walipowafundisha mantiki baadhi ya wanafunzi, waliokuwa chini walianza kuyaona makosa yao wenyewe. Pengo linafundishika.

Onyo kwa msahihishaji. Asikuonee huruma. Alama ya nusu haitolewi kwa sababu "alikuwa anaelekea". Kama ni ndugu yako na unajua moyo wake, mtafute mwingine.

## Hatua ya 6: Soma karatasi za wenzako, kisha soma taarifa ya NECTA

Mpaka hapa una alama, lakini alama peke yake haisemi uko wapi. Pepa ikiwa ngumu, 48 inaweza kuwa ya juu. Ikiwa nyepesi, 70 inaweza kuwa ya katikati. Justin Kruger alionyesha kwamba watu hukosea hapa kwa njia mbili: kwenye kazi nyepesi wengi hujiona wako juu ya wastani, kwenye kazi ngumu kama kuchezea mipira hewani au kuandika programu za kompyuta wengi hujiona chini. Wanahesabu ugumu walioupata wao na kusahau kwamba mwenzao naye ameupata.

Ndiyo maana wanafunzi hutoka kwenye pepa ya Fizikia wakilia, na asubuhi yake hawataki kuingia kwenye pepa inayofuata.

Badilishaneni karatasi zilizosahihishwa. Soma ya aliyekuzidi na ya uliyemzidi, swali kwa swali. Katika utafiti ule wa Cornell, wanafunzi wazuri walipoonyeshwa karatasi za wengine walirekebisha makadirio yao. Walikuwa wakidhani kila mtu anajua wanachojua. Wa chini hawakurekebisha kwa kuona tu. Kwa hiyo usiishie kuangalia. Andika, kwa kila swali ulilozidiwa, ni mstari gani aliouandika yeye na wewe huna.

Kisha fungua ile taarifa ya uchambuzi ya mwaka wa pepa uliyofanya. Kwa kila swali inaonyesha watahiniwa wa nchi nzima waligawanyika vipi, asilimia ngapi walifanya vibaya, wastani na vizuri, pamoja na sampuli za majibu mazuri na mabovu. Hapo unajilinganisha na watahiniwa wa Tanzania nzima, na wale watatu wa mtaani kwako wanakuwa sehemu ndogo ya picha.

Neno kwa wasichana, na kwa yeyote aliyeitwa kilaza nyumbani. Tafiti za Adrian Furnham na wenzake katika nchi nyingi zimekuta wanaume wakijikadiria akili ya juu kuliko wanawake wanavyojikadiria, ilhali wastani wa matokeo halisi haufanani na tofauti hiyo. Ukikuta pengo lako ni hasi pepa baada ya pepa, yaani unakisia 45 unapata 60, hilo ni kosa la kipimo sawa na la mwenye kukisia 64 akapata 41. Usiliite unyenyekevu. Linakunyima kuchagua tahasusi unayoiweza.

## Hatua ya 7: Hesabu pengo, kisha zitafute H zilizokosewa

Huu ni mfano wa daftari la mtu anayeendelea vizuri, pepa 5 za Hisabati:

- Pepa ya 1: kisio 64, halisi 41, pengo +23
- Pepa ya 2: kisio 60, halisi 44, pengo +16
- Pepa ya 3: kisio 57, halisi 46, pengo +11
- Pepa ya 4: kisio 52, halisi 47, pengo +5
- Pepa ya 5: kisio 53, halisi 55, pengo −2

Tazama makisio yalivyoshuka huku alama zikipanda. Kwa viwango vya kidato cha nne, D ni 30 hadi 44, C ni 45 hadi 64. Mtu huyu alianza akijiona yuko ukingoni mwa B na kumbe yuko D. Amemaliza akiwa na C anayoijua.

Pengo likibaki upande mmoja kwa pepa 3 mfululizo, chukua wastani wake ulitoe kwenye kisio linalofuata. Ni hesabu ya kawaida, hakuna aibu ndani yake.

Sasa rudi kwenye herufi. Hesabu vipengele vyote ulivyoweka H: vilivyo sahihi vinatakiwa viwe angalau 9 kati ya 10. N zikiwa sahihi 6 au 7 kati ya 10, sawa. B hazikusumbui, ulikwisha jua hujui.

Zinazoua ni H zilizokosewa, kwa sababu hutazirudia kamwe. Mfano ninaoukuta kila muhula: (x + 3)² imeandikwa x² + 9, na pembeni pana H kubwa. Weka x = 1 uone. Upande wa kushoto ni 4² = 16, upande wa kulia ni 1 + 9 = 10. Imekosekana 6x ya katikati. Mwanafunzi huyu amesoma mada hiyo miaka miwili akiiruka kila mara wakati wa marudio, kwa kuwa "hiyo naijua".

Andika H zote zilizokosewa kwenye ukurasa wa peke yake na uzisome kwanza kabla ya kitu kingine. Zinarekebishika vizuri: mwaka 2001 Brady Butterfield na Janet Metcalfe walikuta kwamba makosa ambayo mtu aliyafanya kwa uhakika mkubwa, akishaonyeshwa jibu, hurekebishwa kwa urahisi kuliko yale aliyoyafanya kwa kusitasita.

## Ukikwama

Kisio langu linalingana na alama, ila alama haipandi. Kupima kumekwisha, sasa ni kusoma. Rudi kwenye ukurasa wa H, halafu N. Usiendelee kumaliza pepa mpya.

Wenzangu wanaona aibu kuonyesha karatasi. Andikeni namba badala ya majina na mchanganye na karatasi za kundi lingine la tuisheni.

Nimeweka N kila mahali. Huo ni uoga, na utakuharibia kipimo. Jilazimishe: kila kipengele kiwe H au B, kwa pepa moja tu.

Nimefanikiwa Hisabati, je, Kemia? Fungua ukurasa mpya uanze Hatua ya 1. Kujua unaposimama kwenye somo moja hakukupi lingine. Nimeona wenye pengo la 2 kwenye Hisabati na pengo la 20 kwenye Historia mwaka huo huo.

## Ndani ya chumba cha mtihani

Pitia karatasi yote ya maswali kwa dakika 5 za mwanzo na uwekee kila swali H, N au B kichwani. Anza na H, nenda N. Penye uhuru wa kuchagua maswali, chagua kwa herufi hizo, usivutwe na swali fupi. B ziache mwisho, na usiache nafasi tupu. Dakika 10 za mwisho rudi kwenye H zako na uzijaribu kwa namba, kama tulivyofanya kwa x = 1, kabla msimamizi hajaanza kukusanya karatasi.